Mikono Yangu na Karata za Seremala

Kama ungeniuliza wakati ule ni kitu gani ninachokiweza kuliko kushona, ningekujibu bila aibu: kiinimacho cha karata. Nilikuwa nimekifanya mwaka mzima na hakikuwahi kunishinda. Mtu anachagua karata, anaitazama, anairudisha kati ya nyingine, ninazichanganya mbele yake. Kisha mimi ninapitisha vidole pembeni polepole na kuitoa ile ile. Wateja waliokuja kupima magauni walisahau hata walichokuja kupima.

Aliyenifundisha ni seremala, jirani wa chumba changu cha kushonea hapa Kamembe. Ni Mwislamu, mzee wa maneno machache. Mimi ni Mkatoliki, nilikulia Bukavu, na kwa miaka kadhaa hatukuzungumza zaidi ya salamu na habari za umeme. Halafu nikaanza kutazama video za karata kwenye simu. Siku moja alinikuta nimezimwaga zote sakafuni, nikijaribu kuficha moja kiganjani. Alicheka, akainama kunisaidia kuokota. Kesho yake aliniletea za kwake, kuukuu, zimefungwa kwa utepe wa kitambaa.

"Tumikisha hizi, Maman. Hizi zinajua kazi."

Alinifundisha mambo mawili. La kwanza, kuchanganya karata huku ile ya juu inabaki juu. Hilo lilinichukua miezi na kunichubua kidole gumba. La pili ndilo hilo la kuitafuta iliyochaguliwa. Alisema mgeni akiwa anatazama karata yake, niugeuze mkono wangu wenye karata zilizobaki ili ncha yao ya pili imwelekee yeye, ndipo airudishe. Nilidhani ni adabu tu, kama unavyomgeuzia mgeni kishikio cha kikombe. Baada ya hapo, alisema, pitisha vidole pembeni, utaisikia. Mwanzoni sikusikia kitu. Baada ya wiki mbili nikaisikia. Niliruka kwenye kiti.

Siku niliyoaibika tulikuwa Mururu, kwa wifi yangu, mtoto wake amepokea komunyo ya kwanza. Tulikuwa tumekula, watu wanataka kufurahi. Nilifanya mara tatu, mara tatu nikaitoa. Ndipo mwalimu mmoja, mgeni kutoka Gashonga, akaniletea karata walizokuwa wakichezea nje.

"Maman, fanya na hizi zetu."

Nikafanya. Nilipitisha vidole, nikatoa nane ya shupaza. Akatikisa kichwa. Nikarudia, nikatoa nyingine, siyo. Mara ya tatu vidole havikusikia chochote, ni kama napapasa ukuta.

"Basi zako ziko na kitu ndani," mwalimu alisema. Hakusema kwa ubaya.

"Hapana! Ni mikono. Naapa ni mikono!"

Niliapa mbele ya mtoto mwenye gauni jeupe, na niliamini kila neno.

Asubuhi iliyofuata nilimweleza seremala. Alichukua karata mbili zangu, akazipanga moja juu ya nyingine, akaigeuza ya juu ncha kwa ncha, akaziinua kwenye mwanga. Pembeni ya ile ya juu palichomoza ukingo wa ile ya chini, mwembamba kama uzi. Kila karata ilikuwa nyembamba kidogo ncha moja kuliko nyingine. Ukiigeuza moja, ncha yake pana inajitokeza kati ya ncha nyembamba za wenzake.

"Nilizibana kwenye jiliwa, nikazipitishia randa," alisema. "Ni zamani."

"Mzee, kwa nini ulinidanganya?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Miye? Nilizani unajua. Si weye njo fundi wa kupima?"

Ninapima viuno vya watu kila siku. Ninaona shati lililopotoka kola nikiwa upande wa pili wa barabara. Na kwa mwaka mzima nilishika zile karata bila kuona.

"Lakini uliniambia karata inasikilika!"

"Inasikilika. Weye hukuisikia?"

Niliisikia. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka. Niliyeisikia ni mimi, lakini aliyeitoa ni nani? Kuchanganya nilikochanganya kulikuwa kwangu. Kugeuza kulikuwa kwangu pia, ila sikujua ninachokifanya. Nilijaribu kutenganisha changu na cha karata, nikashindwa. Nikamuuliza yeye alizikata kwa sababu gani.

"Mikono ilianza kutetemeka," alisema, akainyoosha niione. "Kabla ya hapo nilikuwa nafanya na karata yoyote."

Nikamwomba anifundishe hiyo njia ya karata yoyote. Alinieleza kwa mdomo, kwa sababu vidole vyake havikuweza tena: karata ikirudi, kidole cha mwisho kinaacha upenyo mdogo juu yake, asiouona mtu, kisha ukizigawa hapo na kupeleka za juu chini, hiyo ndiyo inayobaki juu. Nilinunua karata mpya dukani. Miezi minne nilifanya makosa mbele yake, naye akisema "hapana, umeonesha" bila kuacha kupiga msasa.

Nilipoona ninaweza, nilirudi Mururu. Wifi yangu alichagua, akarudisha, nikachanganya, nikamtolea saba ya kopa yake. Sikuwa na msaada wowote. Nilitaka kulia.

"Ni muzuri," alisema. Kisha akafikiri kidogo. "Lakini ile ya kwanza ilinipendeza zaidi. Siku ile ulikuwa unatuangalia. Leo unaangalia mikono yako."

Niliyapeleka maneno hayo kwa seremala, nikidhani atakasirika kwa niaba yangu. Alisema wifi yangu ana haki. Baadaye akasema hapana, hana haki, watu hawajui ni nini wanaangalia. Akapuliza vumbi la mbao kwenye meza.

"Sijue, Maman," alisema mwishowe. "Mimi mwenyewe, zile nilizozikata zilinipa furaha kuliko mikono."

Siku hizi ninafanya kwa mikono tu. Wateja wanapiga makofi, wachache kuliko zamani. Mteja mmoja aliniuliza juzi kwa nini ninajisumbua, na karata za mtego zinauzwa kwenye simu. Nilivuta futi kamba shingoni, nikamwomba anyooshe mkono nipime urefu wake.