Msasa wa Mwalimu Nzilani

Haya mtakayosoma hakuna atakayeyaamini, na wa kwanza kukataa atakuwa yule aliyesoma sana. Basi akatae. Mwaka wa themanini na moja, pale Makadara, mwalimu mmoja wa kike, mfupi kiasi kwamba wageni wa shule walimwambia akimbie darasani kabla hajachapwa, alipigana vita kwa sababu ya hesabu za kugawanya. Vita vya damu. Damu ya kupanguswa kwa kitambaa cha ubao.

Aliitwa Nzilani. Baba yake, Mzee Kitonga, alikuwa mchonga vinyago huko Pumwani, mtu wa ndovu na twiga wa kuuzia watalii. Binti yake alikuwa amepewa darasa la tatu, Tatu Buluu, katika shule iliyokuwa karibu sana na korti. Mahabusu walioshushwa kutoka kwenye Mariamu, lile gari la polisi, waliwasikia watoto wakilia, na wezi waliokomaa walitikisa vichwa wakamshukuru Mungu kwamba wao wanapelekwa jela tu.

Kilio kikuu kilikuwa cha Ijumaa. Walimu waliiita mavuno. Mtoto alifanya mtihani wa juma, kisha akapigwa kiboko kimoja kwa kila kosa mbele ya wenzake, wanafunzi wakubwa wakiwa wamembana mikono na miguu. Bingwa wa mavuno alikuwa Mwalimu Patrobas Lusweti wa Tatu Nyekundu, chumba cha pili, ukuta wa mbao nyembamba katikati. Jitu la mtu, shingo ya fahali, na nyahunyo ya mpira wa tairi aliyoiloweka kwenye maji ya chumvi kama wengine wanavyoloweka maharagwe. Somo alilifundisha mara moja. Likipita limepita. Ukilisahau, nyahunyo itakukumbusha.

Batulo, binti mdogo kutoka Majengo, alikumbushwa mpaka kidole kikavunjika. Baba yake, Abukar, akaja kumtoa shule kabisa. Nzilani akamkuta langoni amemshika mtoto mkono, tayari wanaondoka.

“Baba Batulo, nipe mimi. Nitamchukua darasani kwangu.”

“Wewe? Si nyote mnakunywa chai chumba kimoja?”

“Akiguswa tena hapa shuleni, mtoe. Sitakuzuia.”

Abukar alimtazama kutoka juu mpaka chini, safari ambayo haikuchukua muda. “Kiboko kimoja tu, mwalimu,” akasema. “Nikisikia kimoja tu, hamtamwona tena.”

Ahadi ni rahisi langoni. Ndani ya darasa Batulo hakujua chochote. Ukimwuliza swali, mkono wenye kidole kibovu ulikimbilia kwapani wenyewe. Na si yeye peke yake: kile walichokijua Februari, Machi kilikuwa kimeyeyuka. Nzilani alikuwa na rula, na rula iliwasha mkono wake. Jumamosi alikwenda Pumwani akaketi kwenye vipande vya mbao, akamtazama baba yake na vijana aliowafundisha kuchonga.

“Baba, hawa wanafunzi wako huwapigi?”

“Nimpige mtu aliyeshika tezo?” Kitonga akacheka mpaka akakohoa. “Kwani nimechoka kuishi?”

Kazi ile alikuwa ameiona tangu utotoni, lakini siku hiyo aliitazama. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kitu kipya, kila mwanafunzi alichonga sikio la ndovu, somo la siku yake ya kwanza. Kisha mguu, somo la baadaye kidogo. Ndipo akapewa la leo. Kitonga hakuhutubia. Alionyesha kidogo, akawaacha wachonge, akawa anachutama kwa huyu, anachutama kwa yule. Na pale hakuna aliyejipigia msasa kinyago chake. Ulimpa jirani. Yeye ndiye aliyesugua, na akikuta kinundu alikurudishia pamoja na matusi.

Jumatatu Nzilani akasukuma madawati yakakaa mafungu mafungu. Kila asubuhi watoto walianza na hesabu ya jana, wakarudi kwa ya mwezi uliopita, wakarudi tena kwa ile ya Januari. Hesabu ya Januari ikirudi ilikuja imenenepa kidogo. Kisha mwalimu alionyesha jambo moja jipya kwa maneno machache, na kazi ikaanza, yeye akichutama katikati yao. Hakuna karatasi iliyomfikia kabla jirani hajaikagua, na kukagua huko waliita kupiga msasa.

“Wee Irungu, nipigie msasa.”

“Hii yako iko na kinundu hapa. Umekopa kumi hukurudisha.”

“Kinundu ni kichwa yako!”

“Basi peleka kwa ticha na kinundu yake, uone.”

Kelele zile zilipenya mbao. Lusweti akazivumilia kama mtu anavyovumilia siafu ndani ya suruali. Siku moja akapiga mlango teke, akawacharaza waliokuwa karibu, huyu mgongoni, yule sikioni, kabla Nzilani hajainuka alipokuwa amechutama. Batulo alikuwa fungu la nyuma. Alijikojolea, lakini hakuguswa.

“Hili si darasa, ni soko la Gikomba!” Lusweti akanguruma.

Hedmasta Javan, mtu wa kupenda amani hasa kabla ya chakula cha mchana, akakata shauri. Lusweti angewatahini watoto wale yeye mwenyewe, siku yoyote, kwa lolote lililofundishwa tangu Januari. Wakishinda, madawati yabaki yalivyo na nyahunyo isivuke mlango ule. Wakishindwa, Ijumaa wavunwe wote.

“Wote?” Nzilani akauliza.

“Wote, Mwalimu. Kwani kuna wa yai, wa kuvunjika akiguswa?”

Akilini Nzilani alimwona Abukar langoni, na mgongo wa Batulo ukienda zake.

Lusweti alikuja Oktoba, asubuhi, Javan nyuma yake na kiti chake. Akaandika ubaoni hesabu za kugawanya, zile za mwanzo wa mwaka kabisa, zile ambazo watoto wake mwenyewe walikuwa wamezizika zamani. Akageuka akitabasamu. Watoto wakainamisha vichwa, kalamu zikakwaruza. Nzilani, mgongo ukutani, alianza kupumua.

Hapo ndipo kosa lilipotokea, na lilikuwa kosa lake. Alikuwa amewafundisha kila kitu isipokuwa namna ya kufanya mtihani. Waliomaliza walifanya walichofanya kila siku: waliinuka bila hofu wakabadilishana karatasi.

“Nipigie msasa, chap chap.”

“Wizi!” Lusweti akapaza sauti. “Hedmasta, umeona? Wizi wa mchana!”

Nyahunyo ikashuka. Irungu aliipata shavuni, ngozi ikapasuka kama ganda la nyanya. Dawati likapinduka. Mtoto mmoja alitambaa chini akapigwa miguuni. Javan alisema, “Polepole, Mwalimu, polepole,” kama anayemwelekeza mtu anayerudisha lori nyuma. Na Lusweti akamfikia Batulo.

Batulo hakukimbia. Aliweka mkono kwapani, akafumba macho.

Nyahunyo ilimpata Nzilani. Alikuwa ameruka dawati, haijulikani vipi kwa miguu ile, na mpira ukamchapa kuanzia nyusi mpaka kidevuni. Damu ikamwingia jichoni. Akaishika ncha ya nyahunyo, akaizungusha kwenye kiganja.

“Mmoja mmoja,” akamwambia Javan bila kumwachia Lusweti. “Waite ubaoni mmoja mmoja, mikono mitupu. Kama wameiba, kila mmoja ataonekana.”

“Huyu kwanza,” Lusweti akasema, akimwonyesha Batulo kwa kidevu.

Batulo akaenda. Chaki aliishika kwa vidole vizima, kile kibovu kimenyooka hewani kama cha bibi anywaye chai. Aliandika, akasimama, akatazama kazi yake muda mrefu. Kisha akafuta tarakimu moja kwa kiwiko, akaandika nyingine. Ilikuwa sawa. Akaja Irungu, shavu likidondoka damu, naye sawa. Wakaja wengine, mpaka Javan akainuka na kiti chake.

“Yatosha. Madawati yabaki. Twendeni, Lusweti.”

“Huyu ameiba jibu!” Lusweti akaivuta nyahunyo kwa nguvu, ikamtoka Nzilani pamoja na ngozi ya kiganja, akaiinua juu ya kichwa cha Batulo, mbele ya ubao wenye jibu lake.

Hapo ndipo Nzilani, ambaye mwezini alikula nyama mara moja, alipolikamata lile jitu kwa tai, akalizungusha kama mtungi, likapaa juu ya madawati, likapita dirishani na fremu yake, likaanguka Jogoo Road, ambako mabasi mawili yalifunga breki, na hakimu mmoja akatoka kortini na koti lake jeusi akauliza ni nani aliyetupa mwanamume mzima saa nne asubuhi, naye Lusweti, akiwa bado na dirisha shingoni, akapiga magoti akaanza kukariri jedwali la saba kwa sauti ya—

“Shemeji!” Nzilani akanikatiza, akisoma begani kwangu. “Dirisha lilikuwa na vyuma. Nilimuuma mkono, akaiachia nyahunyo. Andika hivyo, na uandike kwamba Batulo alirudi Jumatatu.”