Kituo cha Mizigo

Ndugu zake Tsuma walirithi minazi. Yeye, kitinda mimba, alirithi uwanja mtupu pamoja na amri. Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya Mikindani, kilima cha kwendea Rabai kinapoanzia. Hapo ndipo wapagazi wa zamani walipotua pembe za ndovu na utomvu wa sandarusi kabla ya kuteremka kwenye mashua za hori ya Jomvu, ule mkono wa bahari. Amri ya marehemu baba yao ilikuwa moja: hapapandwi mti, maana mwenye mzigo kichwani haoni mizizi.

Pembe zilikwisha zamani, ikaja reli, ikaja lami. Njia ile ipitayo uwanjani wakabaki nayo wanawake wa mlimani na magunia yao ya makaa. Na Tsuma, kuli wa bandarini, kila Jumapili alifyeka akafagia. Mjinga wa watu!

Mwaka wa themanini na tisa ikatangazwa kwamba wapima ardhi wanakuja. Pwani kila mtu ajua, hati ya maskini ni mnazi wake. Huna mti, huna shamba.

"Baba Mbwana," mkewe Mwanatabu alimsihi, "natupande japo miche kumi. Wanetu watajenga wapi?"

"Wallahi sipandi. Mzee aliniachia njia, hakuniachia shamba."

Jibu la kiungwana hilo, na la kipumbavu.

Karani wa wapima alipouliza idadi ya minazi, Tsuma alianza kumhadithia habari za wapagazi. Karani alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaandika: ardhi tupu. Miaka miwili haikutimia, uwanja akapewa tajiri asiyejua mlima wala hori, akauzungushia seng'enge, akaegesha malori yake.

Wema hauozi, husema watu. Wa Tsuma ulioza mchana kweupe. Bandarini alikuwa ameshapunguzwa, na tajiri alitaka mlinzi anayewajua wapita njia, awarudishe kwa lugha yao. Tsuma aliikubali kazi. Watoto hawali historia.

Siku ya kwanza, adhuhuri, wa kwanza kushika njia ile alikuwa Mwanatabu, na chakula cha mumewe kichwani. Tsuma akamsimamisha langoni, tajiri akitazama.

"Zunguka kwa lami, mama Mbwana. Hapa hapapitiki."

Mwanatabu aliitazama ile sare. Alitua bakuli nje ya seng'enge, akageuka akaenda zake, na Tsuma akamwendea tajiri kuomba ruhusa ya kutoka kulichukua.