Transista ya Redio ya Bibi

Mjomba wangu hakufungwa na mtu, ila alifungwa. Tangu bibi aanguke na kiuno kugoma, yeye ndiye aliyebaki naye nyumbani, maana sisi wengine kwa kutoa udhuru hatujambo. Kilichompa pumzi ni kidude alichojiundia mwenyewe: kipaza sauti kitandani kwa bibi, kipokezi mfukoni mwake. Bibi akikohoa, yeye anasikia hata akiwa kwa kinyozi mtaa wa pili.

Siku moja kidude kikanyamaza. Transista yake, kijipande cha miguu mitatu, ilikuwa imeungua, na viwanda vilishaacha kuitengeneza. Muuza vipuri akampa nyingine inayoikaribia. Kwa pupa ya kutaka kutoka, mjomba akailehemu kwa mpangilio wa ile ya zamani, kumbe hii miguu yake imebadilishana nafasi. Ikatoa moshi. Ya pili akaipishanisha miguu vizuri, lakini ikapiga mluzi kama birika.

Akawa anaishia getini, asije akakosa kumsikia bibi. Kijiko kikianguka, anagomba. Aliniambia anaichukia hata dari ya ile nyumba, na mimi niliyekuja kusalimia mara moja nikaaga mapema.

Transista kama ile ilibaki moja tu, ndani ya redio ya bibi, iliyoongea naye kutwa nzima. Mjomba alijua, na bibi alijua kwamba anajua. Bibi akaizima redio mwenyewe.

"Ing'oe, mwanangu," akamwambia. "Imeshaanza kunichosha."

Mjomba alibisha kidogo, kidogo mno, kisha akaing'oa na kuitia kwenye kidude chake. Kesho yake, kinyozi ndiye aliyenisimulia, mjomba alikaa kitini akataniana na watu mpaka machozi yakamtoka. Mara mfukoni ikasikika sauti ya bibi. Hakuwa anaita mtu. Alikuwa anasoma taarifa ya habari, kwa madaha ya mtangazaji, akawaaga wasikilizaji, kisha akawakaribisha tena.

Watu wakacheka. Mjomba aliinuka nusu ya kichwa haijanyolewa, akaenda nyumbani, akairudisha transista redioni. Bibi akataka kujua kulikoni.

"Imekataa, mama," akasema. "Miguu haikulingana."

Mpaka leo anaishia getini.