Kati ya Geht na Gehe

Ujumbe wa sauti ulifika asubuhi, mimi, mama na mama mdogo tukianika ndagala, dagaa wa ziwani, uani kwetu mtaa wa Songo. Ulitoka kwa mama mwenye nyumba anayopanga kaka yangu Ujerumani. Kaka alikuwa amepasuliwa tumbo jana yake, na simu yake ilikuwa haipokelewi. Kijerumani nilikisomea Bujumbura, nikivuka mpaka wa Kavimvira kila ulipokuwa wazi. Nyumbani ni mimi peke yangu ninayekielewa.

Yule mama alisema amepiga simu hospitali, na kwamba "es gehe ihm gut".

Nikasikiliza tena. Hakusema geht, yaani hajambo. Alisema gehe. Mjerumani anapopeleka maneno ya mwingine huweza kubadili kitenzi, kuonyesha kwamba maneno hayo yana mwenyewe. Msemaji hayakanushi wala hayathibitishi.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Kitenzi chetu hakibadiliki hivyo. Ningesema "iko bien", yaani ni mzima, ingekuwa kama nimeapa. Nikachukua neno lililokuwa karibu.

"Anasema eti iko bien."

Mama akaweka ungo chini. "Eti?"

Mama mdogo akaguna. "Eti! Hata bwana yangu alisema eti anaenda Luberizi kununua mupunga. Mupaka leo."

"Nyamaza, weye." Mama akanigeukia. "Mutoto yangu iko muzima, ao wanatudanganya?"

Hapo nikaona nilichofanya. Gehe haina dharau. Eti yetu inayo.

"Mwenye nyumba hajadanganya, mama. Hajamuona tu. Wamemuambia kwa simu."

Mama akauokota ungo. "Basi aende. Amuone na macho yake. Umuambie vile."

Mama alisema aende. Mimi niliandika "könnten Sie", je, ungeweza, kwa sababu kule hata ombi la haraka hupita kwenye kitenzi cha mambo ambayo hayajawa.

Jibu lilikuja ndagala zikiwa zimeshageuzwa. Nimemwona, alisema yule mama. Ameketi kitandani, ana maumivu makali, anamuulizia mama yake. Vitenzi vyote vilikuwa vya shahidi, hata kile cha maumivu. Nikatafsiri bila kuongeza neno.

Mama akaanza kulia.

"Sasa unalia nini, dada?" mama mdogo akasema. "Si iko muzima?"

"Iko na maumivu," mama akajibu. "Amemuona."