Fidla ya Bwana Ijumaa, na siku niliyoizika timu nzima ya Nsemulwa

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Wengine mambo vipi.

Hii ilinitokea miaka ya tisini pale Mpanda, enzi hizo bado tuko mkoa wa Rukwa na hakuna aliyeota kwamba Katavi itakuja kuwa mkoa. Nilikuwa form two, mrefu kama mlingoti, akili fupi kama njiti ya kiberiti.

Chumvi nimeweka kidogo ya kufanya mboga ilike. Mboga yenyewe ni ya kweli. Shahidi mmoja yumo humu jukwaani, anasoma kimya kimya. Nitamtaja mwishoni ili akasirike.

Twende.

Kwa bibi yangu mzaa baba, Nsemulwa, kulikuwa na sanduku jeusi jembamba limetundikwa ukutani kwenye msumari. Ndani kuna fidla. Sisi tuliita zeze la Mzungu.

Mwenyewe alikuwa karani kwenye mgodi wa madini ya risasi wakati wa mkoloni, na babu yangu alikuwa mpishi wake. Jina lake Yakobo, ila mji mzima ulimwita Bwana Ijumaa. Kisa, kila Ijumaa jua likikaribia kuzama anaweka kalamu chini, anapiga fidla kidogo, anaifunga kwenye sanduku, anawasha mishumaa miwili, halafu kazi haigusi mpaka Jumamosi jioni. Wazungu wenzake wanamnunia, yeye hana habari.

Alikuwa Myahudi, alikimbia Ujerumani kabla ya vita. Ndugu zake walibaki kule. Vita ilipoisha akaandika barua nyingi sana kuwatafuta. Babu alisema ilifika wakati akaacha kwenda posta.

Homa ikamchukua palepale Mpanda. Kabla hajafa akamwambia babu: akija mtu wangu, mpe fidla. Asipokuja, usiiache ikae na vumbi.

Babu naye akafa. Bibi akashika zamu. Kila Ijumaa jioni anateremsha sanduku, analifuta kwa kitambaa, anawasha kibatari karibu yake, anazungumza nalo maneno mawili matatu, analirudisha. Miaka karibu arobaini. Hakuja mtu.

Halafu ikaja barua.

Aliileta Mwalimu Kashindye, mwalimu wetu wa historia, kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza na imepitia misheni. Inatoka kwa mama mmoja jina lake Ruti, mtoto wa mdogo wake Bwana Ijumaa. Alifichwa na majirani akiwa mdogo, ndiyo maana alipona. Sasa amezeeka, na kazi yake ni kutafuta vyombo vya muziki vya Wayahudi waliouawa au waliokimbia. Kuna mafundi kwao wanavitengeneza vilie tena, ili wenye navyo wasikike. Amesikia baba yake mkubwa alizikwa Mpanda. Anakuja. Bado wiki tatu.

Bibi alikaa chini kwenye jamvi akasema tu, "Kumbe alikuwa na mtu."

Sasa wakuu, mtu mwenye akili timamu hapo anafanya nini? Anakaa mbali na lile sanduku.

Mimi nikaibeba fidla nikaipeleka shule kwenda kujidai.

Break ya saa nne, nyuma ya darasa. Nimeifunga mkanda wa mpira wa tyubu, nimeivaa kifuani kama mpiga solo wa bendi. Washkaji wamenizunguka. Pankrasi, golikipa wetu wa timu ya mtaa, anapiga ndoo. Nikasema ngoja niwaonyeshe ile staili ya kuinama. Nikainama. Tyubu ikakatika.

Fidla ikatua kwenye sementi. Shingo huku, tumbo kule.

Pankrasi aliangalia, akasema, "Mimi sikuwepo." Akaondoka na ndoo yake.

Jioni nikarudisha sanduku ukutani. Ila tupu lilikuwa jepesi, bibi angegundua. Nikatafuta kitu cha uzito uleule. Nikaona mwiko wake mkubwa, ule wa kusongea ugali wa msibani. Nikautumbukiza, nikafunga.

Ijumaa ile nilikaa naangalia bibi anafuta sanduku taratibu, kona kwa kona, anasema, "Bwana Ijumaa, mtu wako anakuja. Vumilia." Na ndani kuna mwiko. Tena alipomaliza akatoka nje kumgombeza jirani, kwamba ameazima mwiko na harudishi. Wakuu, nilicheka mpaka nikaumwa tumbo. Halafu sikulala.

Fundi wa fidla Mpanda hakuna. Ila Kasokola kulikuwa na Msukuma mmoja, Mzee Masanja, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kule Shinyanga. Anatengeneza mazeze na anayapiga kwenye sherehe na misiba. Nikachukua baiskeli, vipande nimevifunga kwenye shuka.

Alivigeuza geuza. Akapapasa ile nyota ya pembe sita ya gamba la chaza iliyopachikwa mgongoni.

"Nani kaiua hii?"

"Imeanguka, babu."

"Imeanguka yenyewe?"

"Nilikuwa karibu."

Nikamsimulia habari za Bwana Ijumaa na mgeni anayekuja. Hakutaka hela. Alitaka kila nikitoka shule nikamnyweshee ndama. Gundi akachemsha ya ngozi ya ng'ombe, ikanuka kijiji kizima. Kidaraja cha kubebea nyuzi akachonga kwa mninga. Nyuzi alizitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli, anausambaratisha, anachagua uzi mmoja mmoja kwa kuuvuta sikioni. Upinde wa kupigia ulikuwa umeliwa na wadudu, haujabaki hata unywele. Kule ulikotoka ulikuwa wa mkia wa farasi. Kwetu farasi utamtoa wapi, mbung'o wanamsubiri stesheni. Akaweka mkia wa ng'ombe. Tena akachagua ng'ombe mweupe, kwa heshima.

Wiki ya pili ikawa tayari. Nikanyoosha mkono kuichukua.

"Bado," akasema. "Nipe majina."

"Majina gani?"

"Chombo cha marehemu hakiamki hivihivi kama jogoo. Lazima kiimbe watu wake. Nani baba yake, nani dada yake, nani wadogo zake. Nitaileta mwenyewe siku ya mgeni, nitawaimba wote. Bila majina nitaimba nini, waya wa breki?"

Majina hayo mtu wa kumuuliza ni bibi. Bibi nikimuuliza, atauliza kwa nini. Nikisema kwa nini, nimekwisha.

Kwa hiyo nikamtajia kikosi.

Wale wa Rukwa mnajua majina yetu ya ubatizo. Mapadri walitupa kalenda nzima ya watakatifu, hata wale waliosahauliwa Roma kwenyewe. Mzee Masanja hakuwa Mkristo, hajui. Nikamwambia: Pankrasi, Wenseslaus, Didasi, Ponsiano, Kastori, Bonaventura, Sikstus, Gaudensi, Fokasi, Zenobi na Polikarpi. Kuanzia golini mpaka winga wa kushoto.

Akayarudia kimoyomoyo kwa heshima. "Majina mazito," akasema. "Wote walikufa vitani?"

Nikasema wote.

Pale wakuu kitu kiliniuma kidogo. Kidogo tu. Nikakipuuza.

Siku ikafika. Mama Ruti alishuka treni ya Tabora amechakaa kwa vumbi, bibi kizee mfupi mwenye miwani minene na viatu vya mwanajeshi. Mwalimu Kashindye akampeleka kwanza kaburini, halafu nyumbani. Uwanja wa bibi umejaa. Mtaa mzima wamekuja kuona mtu wa Bwana Ijumaa, na kikosi chote kimekaa mbele kinatafuna miwa, maana kilisikia kuna pilau.

Mpango wangu ulikuwa Mzee Masanja afike mapema, nifanye mabadilishano ya kimyakimya. Mzee Masanja alikuwa bado njiani, pancha.

Bibi akatoka na sanduku amelikumbatia. Amevaa kitenge kipya. Akapiga magoti mbele ya mgeni, akasema kwa sauti ya watu kusikia, "Tuliambiwa tusiiache na vumbi. Haikukaa na vumbi."

Akafungua.

Mwiko.

Niliwahi kusikia kimya cha kanisani na kimya cha mtihani. Kile hakikuwa kwenye kundi hilo.

Mama Ruti aliutazama mwiko kwa adabu kubwa. Nadhani alifikiri ndiyo mila. Bibi hakumwangalia mgeni. Alizungusha macho uwanja mzima, taratibu, mpaka yakanifikia.

"Mume wangu," akaniita, kama anavyoniita siku zote. Ila siku hiyo ilikuwa sauti ya mke anayedai talaka.

Kabla sijajibu, kengele ya baiskeli. Mzee Masanja kaingia anasukuma, fidla mgongoni kwenye shuka jeupe. Hakuuliza kitu. Aliona watu wamenyamaza, akajua wanamsubiri yeye. Akakaa kwenye kigoda, akaiweka fidla pajani kama zeze, akavuta upinde.

Wakuu, ililia. Haikuwa sauti nzuri ya redioni. Ilikuwa inakwaruza, kama mtu aliyenyamaza miaka mingi anajaribu koo. Bibi alishika mdomo. Mama Ruti akavua miwani.

Halafu mzee akaanza kuimba, Kisukuma. Wengi hatukuelewa. Ila majina yanaeleweka kwa lugha yoyote.

"Pankrasiii..."

Pankrasi akaacha kutafuna muwa.

"Wenseslausiii... Didasiii..."

Anawalilia mmoja mmoja, machozi yanamtoka kweli. Kikosi kinatazamana. Mama yake Pankrasi, aliyekuwa jikoni kwenye pilau, akatoka na upawa mkononi anauliza, "Nani kafa? Pankrasi si nimemwona hapo sasa hivi?" Watu wakaanza kuangua kicheko, mmoja, wawili, uwanja mzima.

Mzee Masanja akakata muziki. Alidhani wanamcheka yeye.

Mama Ruti akamuuliza Mwalimu Kashindye kitu. Mwalimu akajibu, akageuka kutuambia: "Ameuliza hao ni kina nani. Nimemwambia ni ndugu zake. Anasema hana ndugu wa majina hayo."

Ndipo Mzee Masanja akanitazama. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Akasema polepole, "Mjukuu, nimewalilia hawa siku tano. Nimewaimbia na ng'ombe wangu. Ulinipa nini?"

Nikasimama. Nikasema yote: tyubu, sementi, mwiko, kikosi. Mwalimu akawa anamtafsiria mgeni sentensi kwa sentensi, na kila sentensi nilisikia ujinga wangu mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Vita ya Pili ya Dunia tulikuwa tumeisoma. Sababu saba, matokeo sita, nilikuwa nimekariri yote. Katika zile sababu na matokeo hapakuwa na jina la mtu hata mmoja ambaye mama yake alimpikia. Kwangu walikuwa pointi.

Mama Ruti akatoa daftari dogo kwenye mkoba, akavuta stuli yake mpaka karibu na Mzee Masanja, akasoma.

"Lea."

Mzee akauliza kupitia mwalimu, "Lea nani?"

Dada yake Yakobo.

"Alipenda nini? Siwezi kuimba jina likiwa uchi."

Mama Ruti alifikiri. Lea alipenda kugombana na wauza samaki sokoni. Akina mama wakacheka, kila mmoja anamjua Lea wake. Mzee akavuta upinde, akamwimba Lea na samaki wake.

"Salomo." Alikuwa fundi cherehani, hajawahi kumaliza nguo kwa siku aliyoahidi. Watu wakasema huyo yupo mpaka Mpanda.

"Perla." Mama yao. Alikuwa anaficha sukari.

Majina tisa. Kila jina mzee anauliza, mama anakumbuka, fidla inakwaruza, uwanja unacheka au unanyamaza.

La mwisho lilikuwa Natani. Mama Ruti alichelewa kulisoma. Kaka yake. Miaka sita. Wauaji waliwachukua wote siku moja, yeye peke yake akiwa amefichwa.

"Alipenda nini?"

"Hakumbuki alichopenda," mwalimu akatafsiri. "Anakumbuka alikuwa anaogopa kuku."

Wakati huohuo, naapa, kuku wa bibi akapita katikati ya uwanja akijidai kama diwani. Bibi akanyanyuka magoti yakilia, akamfukuza kwa ule mwiko mpaka nje ya uzio. "Pita huko," akamwambia. "Mtoto anaogopa."

Mama Ruti alicheka akilia, sijui kipi kilianza. Mzee Masanja akamwimba Natani kwa sauti ya chini kabisa, na hakuna aliyetafuna muwa.

Mama Ruti aliondoka na fidla imevingirishwa kwenye kitenge cha bibi. Sanduku akaliacha, akasema ni la aliyelifuta. Mimi nilinyweshea ndama wa Kasokola mpaka namaliza form four, na hukumu hiyo niliona ni ndogo.

Mwaka uliofuata ikaja picha kupitia misheni. Fidla iko kwenye jukwaa kubwa, kijana kaishika kidevuni. Barua ikasema fundi wa kwao alibadilisha nyuzi, akarekebisha shingo, ila upinde Mama Ruti alikataa uguswe. Mkia wa ng'ombe mweupe wa Kasokola unapiga muziki Ulaya mbele ya watu waliovaa tai. Mzee Masanja nilipomsomea aliuliza swali moja tu: walimtaja Natani na kuku? Nikatafuta kwenye barua. Walimtaja.

Somo nililopata wakuu, na silitoi kama mhubiri maana mnanijua: utani ninao mpaka leo, ila siwachezei waliokufa kabla sijauliza majina yao na walichokuwa wanaogopa. Ukishajua mtu alikuwa anaogopa kuku, humuweki tena kwenye pointi.

Bibi alitangulia baadaye. Sanduku ninalo mimi. Kila Ijumaa jioni nalifuta. Ndani kuna mwiko.

Haya, na ninyi semeni. Nani kwao kuna kitu kimetundikwa ukutani na hajawahi kuuliza kilikuwa cha nani? Aende akaulize leo, wenye kumbukumbu wakiwa bado wapo, halafu aje atutajie hapa.

Na wewe golikipa, uliyeitwa Marehemu na Nsemulwa nzima kuanzia siku ile mpaka harusi yako, najua unasoma. Changia basi, tujue umefufuka.