Mchicha wa Nyuma ya Jiko

Mama alipokuja kukaa kwangu Itetemia kutoka Usoke, kisima chetu kilikuwa kinatoa madumu matatu kwa siku, na la tatu lilikuwa tope. Daktari alikuwa ameniambia mambo mawili tu: mama anywe maji mengi, maana homa zimemkausha, na ale mboga za majani, maana damu imepungua.

Nikasia mchicha. Nimekulia kwenye tumbaku, na nilikuwa na mkono wa kitalu. Watu waliniita niwatazamie miche yao. Kila mkulima wa tumbaku anajua kwamba miche ikikaribia kuhamishiwa shambani unaikatia maji, unaondoa nyasi zilizoifunika, unaliacha jua liitie adabu. Iliyo dhaifu unang'oa na kutupa. Basi nami, kwa shida ile ya maji, nikaamua mchicha nao ufunzwe. Nikamwagilia siku moja, nikaacha mbili, kisha tatu, na miche iliyolegea nikaing'oa na kuitupa.

Mama alikuwa ananitazama kutoka kwenye mkeka wake.

"Baba, hiyo ni mboga. Inataka maji kidogo kila siku, asubuhi na jioni."

"Pumzika, mama. Miche naijua."

"Tumbaku unaijua. Mboga za nyumbani alikuwa anamwagilia nani?"

Alikuwa anamwagilia yeye, kwa maji aliyooshea vyombo. Nililijua hilo, lakini mimi ni mkaidi, na sikupenda kufundishwa mbele ya matuta yangu.

Mchicha ukatoa mbegu kabla haujafika magotini. Majani yalikuwa madogo, magumu, machungu. Nilimpikia hivyo hivyo. Alitafuna, akatafuna, akatema kiganjani nisione.

Nilichobaki nacho cha kujipa moyo ni jagi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimwekea jagi la maji yaliyochemshwa, na jioni nililikuta tupu. Nikajisifu kwamba angalau anakunywa. Midomo yake ilizidi kupasuka, nami sikujiuliza kwa nini.

Jumapili moja nilizunguka nyuma ya jiko kutafuta kuni. Nikakuta mstari mmoja wa mchicha, majani mapana, laini, na udongo umelowa. Ilikuwa ile miche dhaifu niliyoing'oa na kuitupa, imepandwa upya. Nilirudi ndani nikifoka.

"Mama, maji ya jagi ni ya kunywa!"

"Nakunywa kidogo," alisema. "Ule wako ulikuwa unakufa, na wewe husikii. Nikasema huu wiki ijayo utakuwa tayari, nile, nipate nguvu nirudi kwangu."

Nilimpeleka hospitali siku ile ile. Walimtundikia maji, lakini hakumaliza wiki. Sijui kama ni mimi niliyemuua. Ninachojua ni kwamba alikaa na kiu nyumbani kwangu, na kwa sababu ya ubishi wangu.

Kwenye msiba, wanawake walioshika jiko walitafuta mboga ya kulia ugali, wakauona ule mstari, wakauchuma wote. Nililetewa sahani. Jirani aliyekaa kando yangu alikula, akafuta vidole, akasifu.

"Mchicha laini huu. Kwa ukame huu unamwagiliaje?"

"Maji kidogo kila siku," nikamwambia. "Asubuhi na jioni."