Siku youth club yangu ilipomwacha mgeni wa bati kwenye kiti, Kishapu miaka ya sabini

Wakuu, wakubwa shikamooni, vijana habari za mihangaiko.

Ninachosimulia hapa nilikuwepo, na upindo wa suruali yangu uliungua. Kama kuna mtu wa Kishapu wa enzi zile, aje anisahihishe bila kunionea haya.

Ilikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Nimetoka chuo kikuu juzi juzi, suruali ya bugaluu mwilini, viatu virefu vya raizoni miguuni. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, nikapangiwa kijiji kimoja cha Kishapu kusimamia klabu ya vijana.

Nilikuwa mtu wa kuwaza kupita kiasi. Balozi wa nyumba kumi akiitikia "marahaba" kwa sauti ndogo, nashinda najiuliza nimemkosea nini. (Hata uzi huu nimeusoma mara nyingi kabla ya kuuweka. Kuna mambo hayaponi.)

Klabu ilikutana kwenye banda la matofali mabichi tulilolijenga wenyewe.

Halikuwa na paa.

Mvua zikianza, kuta zinarudi kuwa tope na klabu imekufa. Na bati miaka ile zilikuwa adimu kuliko dhahabu.

Basi tukapata habari kwamba shirika moja la nje litapita kwenye klabu za vijana. Watakaoweza kueleza kazi zao kwa Kiingereza, watapewa bati.

Nikaanza kufundisha. Member. Meeting. Community. Volunteer. Commitment.

Masanja, fundi wetu wa matofali, alinyoosha mkono. "Mwalimu, hii commitment mbona kama jina la dawa ya kuogeshea ng'ombe?"

Darasa lote likaanguka kwa kicheko. Mimi usiku ule sikulala, nawaza atalisema hivyo mbele ya wageni.

Tegemeo langu alikuwa Holo, binti aliyemaliza darasa la saba na kubaki nyumbani. Alikuwa na sentensi yake: "A volunteer is a person who offers to work without being paid." Aliisema akitwanga, aliisema akichota maji. Wadogo zake nao wakaijua.

Siku ikafika. Land Rover ikasimama mchana, akashuka mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, mpole. Dereva akabaki garini. Tukamkalisha kwenye kiti tulichoazima kwa balozi.

Akamtazama Holo. "So, what is a volunteer?"



Holo anatazama vidole vya miguu. Masanja anatazama mbingu kupitia pale ambapo paa halipo. Mimi jasho linanitiririka mgongoni, naona bati zinarudi mjini zenyewe.

Ndipo ukapigwa mwano.

Kwa wasiojua, mwano ni yowe la hatari la Usukumani. Ukiusikia unaacha ulichoshika unakimbia. Anayekaa kitako wenzake wanamtenga. Siku yake ya msiba atachimba kaburi mwenyewe.

Banda likabaki tupu. Kufumba na kufumbua ni mimi, mgeni na kiti cha balozi.

"Where are they going?" akauliza.

Wakuu, pale nilipata mawazo mia. Nikiondoka, bati zimekwenda. Nikibaki, kesho nitamtazama nani kijijini? Lakini hata sisi Ushirombo tumelelewa na yowe hilo, na miguu ilikuwa imeshaamua. Nikamwambia, "Excuse me, Madam, somebody needs us," nikachomoka.

Nyumba ya Mama Kabula ilikuwa inaungua. Mjane, paa la nyasi, pamba ya msimu mzima imo ndani. Maji hakuna, kiangazi. Vijana walikuwa wanarusha mchanga, wengine wamepanda paa la jiko la jirani wanang'oa nyasi moto usirukie huko. Masanja anaingia na kutoka na viroba vya pamba.

Aliponiona nakuja nayumba akapiga kelele, "Mwalimu, vua hizo ghorofa utavunjika!"

Nikavua raizoni. Nikabeba mchanga kwa shati.

Nilipogeuka, yule mama wa Kizungu alikuwa kwenye mstari wa kupitisha mchanga, anapokea karai kwa Holo na kumpa dereva.

Paa liliteketea. Pamba nyingi ilipona, na Mama Kabula alikuwa mzima.

Tukiwa tumekaa chini, nyuso za masizi, mgeni akamuuliza Holo, "Who told you to come?"

Holo hakutazama vidole. "Nobody, Madam. We heard."

Mama yule akaitikia kwa kichwa taratibu.

Bati zikaja kabla ya mvua. Nikaitisha meeting kupanga tuanze kupaua lini. Masanja akasimama, akasema kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, "Mwalimu, banda halina watoto. Mama Kabula anao."

Mikono yote ikapanda. Mimi nikawaza wageni wakirudi kukagua je? Wakisema tumewadanganya je? Nikatazama ile mikono, na wa kwangu nikaupandisha.

Mvua ziliyeyusha banda letu kama nilivyoogopa. Klabu haikufa. Msimu ule wote tulisomea kwa Mama Kabula, bati zinapiga ngoma juu yetu, yeye kwenye kona anabangua karanga. Ukifika mlangoni na tope anakusalimu Kisukuma kwa sauti, "Mwadila, volantia! Futa miguu kwanza!"

Nilichojifunza: maneno yale ya Kiingereza niliwapa, lakini mambo yenyewe walikuwa nayo tangu utotoni. Na mimi nisiyeamua kitu bila kukizungusha wiki nzima, siku ile niliamua papo hapo na sijawahi kujuta.

Kwenu mwano unaitwaje, wakuu? Na bado watu wanakimbia, au siku hizi wanachungulia dirishani? Nawasoma.